Bomba la Kuzimia Moto na Wenzo Wake

Kijana atakaye kuingia kazi ya kuzima moto huulizwa kwanza maswali ambayo hayana moto ndani yake. Mpini wa bomba ukirefushwa, kazi itakuwa nyepesi au nzito? Mkono mmoja ukisukuma silinda nyembamba na silinda nene, ni ipi itakayorusha maji juu zaidi? Wengi hudhani kwamba huo ni mtego wa mtihani tu. Leo twataka kuonyesha ya kuwa maswali hayo yana umri wa miaka zaidi ya 2,200, na ya kuwa miji mikubwa imepata kuteketea kwa sababu majibu yake hayakutumiwa.

Habari yenyewe yaanza Misri, katika mji wa Alexandria, karne ya 3 kabla ya Kristo. Hapo aliishi fundi jina lake Ctesibius, naye ndiye asemwaye kuwa wa kwanza kutengeneza bomba la kusukuma maji. Aliyepata kushika pampu ya baiskeli amekwisha kuijua nusu ya kazi yake: kuna silinda, na ndani yake mchi unaoziba barabara. Iliyobaki ni vilango viwili vidogo, kila kimoja kikifunguka upande mmoja tu. Mchi ukivutwa juu, kilango cha chini hufunguka na maji huingia; ukishindiliwa, hicho hujifunga, na maji hayana njia ila kupita kilango cha pili kwenda nje. Katika karne ya 1 baada ya Kristo, Hero wa mji ule ule aliandika habari za bomba la moto lenye silinda mbili chini ya mti mmoja uliolazwa juu ya egemeo, mchi huu ukishuka ule ukipanda. Mjini Roma, Kaisari Augusto aliunda vikosi 7 vya wazima moto mwaka wa 6 baada ya Kristo. Na mabomba mawili ya shaba ya zama za Warumi, yaliyotoka Bolsena katika Italia, yamewekwa katika jumba la British Museum mjini London.

Basi ni ajabu kwamba katika mji huo huo wa London, Septemba 1666, moto ulipokula nyumba 13,200 hivi na makanisa 87, watu wengi walisimama mbele yake na ndoo za ngozi na sindano kubwa za shaba. Sindano moja ilihitaji watu watatu, wawili wa kuishika na mmoja wa kusukuma, nayo haikubeba zaidi ya galani moja. Mabomba ya magurudumu yalikuwapo, lakini vichochoro vilikuwa vyembamba mno. Dawa iliyofaa zaidi ilikuwa kubomoa nyumba kwa kulabu na baruti, ili moto ukose chakula.

Hata bomba zuri la siku zile lilikuwa na kasoro moja kubwa: mdomo wake ulikaa juu ya bomba lenyewe. Kwa hiyo ilipasa kulisogeza mpaka mbele ya nyumba, na maji yakapiga ukuta na paa, moto ukibaki ndani salama. Sisi wenyewe tumepata kuona ghala likiungua, na watu wakimwaga ndoo juu ya ndimi za moto zilizotoka dirishani, wala si juu ya magunia yaliyowaka chini; ghala halikupona. Aliyeondoa kasoro ile alikuwa mchoraji wa picha, Jan van der Heyden wa Amsterdam. Mwaka 1672 yeye na ndugu yake Nicolaas walifunga mrija wa ngozi kwenye bomba. Tangu hapo bomba liliweza kukaa karibu na maji, na mtu akapanda ngazi na mdomo wa mrija mpaka penye moto wenyewe. Mwaka 1690 alitoa kitabu chenye picha kubwa, kuonyesha hasara za bomba la kale na faida za jipya.

Sasa turudi kwenye mpini. Mwaka 1721 na tena 1725, Richard Newsham, fundi wa vifungo vya lulu wa London, alipata hati za serikali za kuilinda bomba aliyoibuni. Ilikuwa na mipini mirefu pande zote mbili, watu wengi wakaishika pamoja, na wengine wakaikanyaga kwa miguu ili uzito wa mwili nao ufanye kazi. Tufanye hesabu. Tuseme mkono uko mbali na egemeo mara nne kuliko mchi. Mtu akisukuma kwa ratili 30, mchi hupata ratili 120. Je, ratili 90 zimetoka wapi? Hazikutoka mahali: mkono umekwenda inchi 4 ili mchi uende inchi 1. Wenzo haukupi kitu bure. Hubadilisha mwendo kuwa nguvu. Zile ratili 120 zikikalia mchi wenye eneo la inchi mraba 4, kila inchi hupata ratili 30, na maji yaweza kupandishwa futi 69 hivi. Zikikalia inchi mraba 12, kila inchi hupata ratili 10 tu, na maji hayapiti futi 23. Lakini kila msukumo hutoa maji mara tatu. Basi fundi huchagua: maji mengi karibu, au machache mbali. (Msuguano wa mrija hupunguza hesabu hii, nasi tumeuacha.)

Bomba la Newsham lilikuwa na chumba cha hewa pia. Maji hayabanwi ila kidogo mno, lakini hewa hubanwa kama springi. Mchi unaposukuma, hewa hujikunja. Unapopumzika, hewa hujikunjua na kuendelea kuyasukuma maji, hata mkondo usikatike.

Mikono huchoka, na baridi huizidi. Mwaka 1829 John Braithwaite alitengeneza bomba la mvuke. Mwaka uliofuata ukumbi wa Argyll Rooms uliwaka London. Baridi iligandisha mabomba ya mikono, na lile la mvuke likaendelea kwa saa nyingi.

Hata hivyo James Braidwood, mkuu wa wazima moto wa London tangu 1833, hakulipenda kwa miaka mingi. Alichelea kwamba watu wakipewa maji yarukayo mbali, watasimama mbali, na yeye aliwafundisha kuingia ndani na kuyapeleka maji kwenye shina la moto. Kwa maoni yetu alikosea juu ya mtambo, akapata haki juu ya watu. Juni 22, 1861, maghala ya Tooley Street yalipokuwa yakiwaka, alikwenda miongoni mwa watu wake kuwaangalia. Ukuta ukaporomoka juu yake, akafa papo hapo. Miaka 5 baadaye, mwaka 1866, kikosi kipya cha mji mzima kilianza kazi, na mabomba ya mvuke yalikuwa miongoni mwa vyombo vyake.