Jinsi ya kupandisha bei zote kwa mkupuo ukitumia Vim

Una faili lenye bei 300 na kila moja inapanda shilingi 200? Usihangaike kubadilisha moja moja. Programu nyingi za kuandikia zinajua kutafuta na kubadilisha maneno tu, hesabu hazijui. Vim inajua, na hata kwenye simu ya Android inapatikana kupitia Termux. Andika hivi:

:%s/Sh \zs\d\+/\=submatch(0)+200/g

Hiyo \= ndiyo inayoiambia Vim ipige hesabu. submatch(0) ni namba iliyopatikana. Kwa kuwa tumetanguliza "Sh", kilo, tarehe na namba za simu haziguswi. "Sh 2800" inakuwa "Sh 3000".

Balaa liko kwenye mkato. "Sh 2,800" itageuka "Sh 202,800", maana Vim inasoma ile 2 na kuishia hapo. Ondoa mikato kwanza! Namba zinazoanza na sifuri nazo zina yake: 010 inasomwa kama 8. Kwa hizo weka str2nr(submatch(0))+200.

Na ukirudia amri, bei zinapanda tena. Ikitokea, bonyeza u, zitarudi zilivyokuwa.