Massawa: Bendera ya Istanbul, Maji ya Hirgigo

Massawa ni kisiwa kidogo cha matumbawe kwenye pwani ya Eritrea. Mwenyeji wa Lamu hatazishangaa nyumba zake za mawe ya baharini. Kisiwa hicho hakina chemchemi. Mvua yake haba ilikingwa kwenye mabirika, na yalipokauka, maji ya kunywa yaliletwa kwa mashua kutoka Hirgigo, kijiji cha bara upande wa pili wa ghuba.

Waturuki walifika mwaka 1557 chini ya Özdemir Pasha. Dola yao ya Uthmaniya ilikuwa imeshaitwaa Misri mwaka 1517, na ilichokihofia katika Bahari ya Shamu ni Wareno. Jeshi la Cristóvão da Gama lilikuwa limepita Massawa mwaka 1541 kwenda kumsaidia mfalme wa Wahabeshi, na merikebu za Wareno zikiranda maji yale, Jeddah na njia ya mahujaji zilikuwa hatarini. Ni hofu hiyo iliyozaa jimbo lililoitwa Habesh.

Özdemir hakutosheka na pwani. Alipanda milimani hadi Debarwa, akajenga ngome, lakini maradhi yakamuua miaka michache baadaye. Waliomfuata waling'ang'ania nyanda za juu, wakaungana hata na Yeshaq, gavana wa Kihabeshi aliyemwasi mfalme wake. Mfalme huyo, Sarsa Dengel, aliwavunja wote wawili mwishoni mwa miaka ya 1570. Tangu hapo ndoto ya kuitawala Uhabeshi ikafifia, Waturuki wakabaki na forodha za pwani.

Sasa forodha ataisimamia nani, kwenye joto lile, mbali na Istanbul? Askari wa ngome walioa wenyeji, na watoto wao wakarithi mishahara ya baba zao. Madaraka yenyewe yakaangukia ukoo mmoja wa Wabelawi wa Hirgigo, ambao mkuu wao alipewa cheo cha Naibu. Kwenye karatasi alikuwa chini ya pasha wa Jeddah. Lakini visima vilikuwa vyake, na njia ya misafara kwenda Tigray ilipita mlangoni pake. Pasha angemtisha kwa lipi? Mimi naona huyu ndiye aliyetawala, na Sultani alikuwa jina la kuombewa dua siku ya Ijumaa.

Mskoti James Bruce aliyaonja hayo mwaka 1769. Alishuka Massawa akiwa na barua za wakubwa, lakini Naibu alitaka zawadi, kisha akataka zaidi. Bruce alikwama pale karibu miezi miwili kabla ya kuruhusiwa kupanda milima.

Kilichowapunguza manaibu si vita peke yake. Mwaka 1865 Sultani alimwachia bandari Khedive Ismail, mtawala wa Misri, na katika miaka ya 1870 gavana wa Khedive, Mswisi Werner Munzinger, alijenga tuta la kuunganisha kisiwa na bara pamoja na mfereji wa kuleta maji kutoka Emkullu, upande wa bara. Mashua za Hirgigo zikakosa mteja. Februari 1885 Waitalia waliposhuka, kikosi cha Misri hakikufyatua risasi. Istanbul ililalamika kwa barua, Roma ikaendelea kushusha askari.