Safari ya Sauti Hadi Mwala

Mwanadamu alijaliwa sauti, lakini sauti yake haikujaliwa kwenda mbali. Mtu mwenye kifua kipana akisimama juu ya vilima vya Kibauni na kupiga ukelele, husikika ng'ambo ya bonde. Zaidi ya hapo upepo humeza maneno yake. Kwa sababu hiyo, tangu zamani watu wamefanya kazi kubwa ya kuitafutia sauti miguu. Insha hii yaeleza habari za kazi hiyo, jinsi ilivyofika katika nchi yetu ya Kenya, na hatimaye jinsi ilivyofika Mwala, katika Machakos, mahali ninapofundisha. Wanafunzi wengi hudhani kwamba historia ni habari za wafalme na vita tu. Walakini hata chombo kidogo kilichowekwa juu ya meza ya karani kina historia yake, na ndani yake mna mambo ya sheria, ya fedha, na ya uhai wa watu.

Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wafanya biashara mashuhuri. Misafara yao ilichukua pembe za ndovu kutoka bara mpaka Mombasa, ikarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mmoja wa wakubwa wa misafara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui, ambaye mwaka 1849 alimkaribisha mmisionari Krapf, na ambaye aliuawa safarini mwaka 1851. Siku hizo habari ilikwenda kwa miguu ya mchukuzi. Kama bei ya pembe ilishuka pwani, mtu wa Ukambani hakujua mpaka msafara uliporudi. Shaba iliyoletwa wakati ule ilikuwa ya kutengenezea vikuku. Hakuna aliyefikiri kwamba shaba hiyo hiyo ingekuja kuchukua maneno.

Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na mwaka 1890 waya mwingine ukaiunganisha Unguja na Mombasa. Hii ilikuwa simu ya maandishi: ilipeleka alama tu, si sauti. Wakati huo Machakos ilikuwa imekwisha kuwa na boma la kampuni ya Kiingereza, lililojengwa mwaka 1889. Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika ziwa la Viktoria Nyanza. Pamoja na reli zilikwenda nguzo na nyaya za simu. Lakini reli haikupita Machakos; ilipita mbali kidogo, katika mbuga za Athi. Boma lililotangulia likaachwa kando, na Nairobi, iliyokuwa mahali pa hema, ikawa mji mkubwa. Wahenga walisema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Mahali palipopitwa na waya palipitwa na mengi.

Simu ya mdomo ilipata hati ya ugunduzi huko Marekani mwaka 1876, kwa jina la Alexander Graham Bell. Hapa kwetu watu wa Nairobi na Mombasa walianza kupata simu hiyo mwaka 1908. Katika siku za kwanza, mtu hakuweza kumpigia mwenziwe moja kwa moja. Ilimpasa kumwita mtumishi aliyekaa mbele ya ubao wenye matundu mengi, naye mtumishi huyo aliunganisha nyaya mbili kwa mkono. Husimuliwa habari ya mzishi mmoja wa Marekani, Almon Strowger, aliyeshuku kwamba mtumishi wa simu alikuwa akiwapeleka wateja wake kwa mzishi mwingine. Kwa uchungu huo akabuni mashine ya kuunganisha simu bila mkono wa mtu, akapata hati yake mwaka 1891. Kama alishuku kwa haki au kwa dhana, si neno. Jambo la kushika ni hili, kwamba aketiye katika njia panda ana nguvu juu ya waendao na wajao. Tutalikuta jambo hili tena mbele.

Kwa miaka mingi Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na idara moja ya posta na simu. Mwaka 1970 kilifunguliwa kituo cha setilaiti huko Longonot, na sauti za Kenya zikaanza kwenda ng'ambo kwa njia ya anga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya iliunda shirika lake la posta na simu. Shirika hilo liligawanywa mwaka 1999: barua zikapewa shirika la posta, simu zikapewa Telkom Kenya, na usimamizi wa sheria ukapewa Tume ya Mawasiliano. Mwaka huo watu wa Kenya walihesabiwa wakawa zaidi ya milioni 28, ilhali simu za waya zilikuwa yapata 300,000 tu, na nyingi zilikuwa mijini. Huko mashambani waya ulikuwa mchache, na hata pale ulipofika wezi waliukata na kuuza shaba yake. Mafundi wa kuchonga vinyago wa Wamunyu, ambao kazi yao ilienea tangu Mutisya Munge alipoleta ujuzi huo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuwa na wanunuzi katika nchi za mbali. Lakini kusema na mnunuzi kwa simu kulikuwa kazi ya safari na ya fedha nyingi.

Sasa tuitazame njia mpya, yaani simu ipitayo katika intaneti. Katika simu ya zamani, watu wawili wakisema walipewa njia yao peke yao, kama barabara iliyofungwa ili gari moja lipite. Hata waliponyamaza, njia ilikuwa yao, na gharama iliendelea. Simu ya intaneti haifanyi hivyo. Sauti hupimwa mara 8,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo hugeuzwa kuwa tarakimu. Tarakimu hizo hufungwa katika vipeto vidogo viitwavyo pakiti, aghalabu pakiti 50 kwa sekunde, na kila moja huandikwa anwani ya mahali iendapo. Pakiti za watu wengi hupita katika njia moja zikichanganyika, kama abiria wa vijiji mbalimbali katika basi moja, na kila moja hushuka mahali pake. Zikifika, hupangwa upya na kugeuzwa tena kuwa sauti. Haba na haba hujaza kibaba: pakiti moja haina hata neno moja, lakini zikikusanyika ni mazungumzo kamili.

Ujuzi huu haukuanza jana. Njia ya kupeleka habari kwa pakiti ilibuniwa katika miaka ya 1960, na mwaka 1995 programu ya kwanza ya kuuzwa ya kusemea katika intaneti ilitoka Israeli. Mwaka 1999 kijana wa Kimarekani, Mark Spencer, alihitaji mashine ya kuunganishia simu za ofisi yake, akaona bei yake ni kubwa mno. Basi akaandika programu mwenyewe, akaiita Asterisk, akaitoa bure. Kwa programu hiyo kompyuta ya kawaida iliweza kufanya kazi ya mashine ya bei ghali. Tazameni, wanafunzi: mmoja alibuni kwa sababu ya shaka, na mwingine kwa sababu ya ukata.

Lakini katika nchi yetu palikuwa na kizuizi cha sheria. Telkom Kenya peke yake ilikuwa na haki ya kuvusha mawasiliano kwenda nchi za nje, na kupeleka sauti kwa intaneti kulihesabiwa kuwa kuivunja haki hiyo. Hata pakiti iliyotoka Nairobi kwenda Nairobi, kutoka kwa mteja wa kampuni moja hadi kwa mteja wa kampuni nyingine, ilipaa mpaka ng'ambo kwa setilaiti na kurudi. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni za intaneti zilianzisha mahali pa kubadilishana pakiti hapa hapa Nairobi. Telkom ilishtaki, na baada ya muda wa wiki mbili hivi Tume ikapafunga. Palifunguliwa tena mwezi wa Februari 2002, baada ya mabishano marefu. Huo ndio ule ubao wa matundu wa zamani katika sura mpya: ugomvi ulikuwa juu ya nani akae katika njia panda. Haki ile ya pekee ilikwisha mwaka 2004, na baada yake kampuni nyingine ziliruhusiwa kupitisha sauti kwa intaneti kwa leseni.

Hata hivyo sauti ilikuwa bado na safari ndefu. Setilaiti hukaa angani umbali wa kilomita 36,000 hivi. Neno likipanda na kushuka hutumia robo ya sekunde, na jibu hutumia robo nyingine. Basi wasemaji hukatizana kila mara. Dawa ilikuja kwa njia ya bahari. Mwaka 2009 mikongo miwili ya nyuzi za kioo, SEACOM na ule wa TEAMS utokao Fujairah, ilianza kazi Mombasa, na mwaka 2010 ukafuata EASSy. Katika nyuzi hizo habari huchukuliwa kwa mwanga. Miaka 119 baada ya waya wa Unguja kufika Mombasa, bahari ile ile ilituletea tena njia ya maneno.

Shuleni petu Mwala tulipata simu ya namna hii kwa ajili ya kazi za ofisi. Kwanza tulitandaza nyaya ukutani kutoka ofisini hadi stoo, chumba cha wagonjwa na langoni. Pili tuliweka kompyuta ndogo yenye programu ya kuunganisha simu. Tatu kila simu ilipewa nambari yake: Mwalimu Mkuu 101, karani 102, stoo 103, chumba cha wagonjwa 104, lango 105. Kila simu inapowashwa hujitaja mbele ya kompyuta na kuonyesha ilipo, kama mnavyoitika majina asubuhi. Isiyoitika huhesabiwa kuwa haipo. Kupigiana ndani ya shule hakuna malipo, na simu za nje hupitia kampuni yenye leseni. Kazi iliyokuwa ikimtembeza karani kutwa nzima ikawa ya dakika chache, nasi tukajisifu sana.

Ndipo ikaja mvua ya masika. Usiku mmoja kulipiga radi, umeme ukakatika katika sehemu zetu zote. Katika bweni la wavulana mwanafunzi mmoja alishikwa na pumu. Mwenzake alikimbia mpaka langoni, mahali pa karibu penye simu, na mlinzi akainua mkono wa simu ampigie muuguzi katika chumba cha wagonjwa. Simu ilikuwa kimya kama jiwe. Mzee yule alikimbia gizani, akiteleza katika matope, kwenda kumwamsha muuguzi kwa mkono. Kwa rehema za Mungu dawa iliwahi, na mtoto akapona.

Asubuhi nilimwendea kumshukuru. Akanitazama akasema, "Mwalimu, ile simu nyeusi ya zamani haikuwa na habari na umeme. Taa zilizimika, yenyewe ikalia."

Nikasema, "Ni kweli, Mzee. Hilo hatukuliuliza."

Maneno yake yalikuwa kweli tupu. Simu ya waya wa shaba ilipata nguvu zake katika waya wenyewe, kutoka betri kubwa za kituo cha simu. Simu ya intaneti hutegemea umeme wa mahali ilipo. Kompyuta ikizimika, simu zote huzimika. Kosa halikuwa la chombo, lilikuwa letu sisi tuliokinunua. Tulihesabu fedha tulizookoa, tusihesabu kile tulichokuwa tukipewa bure na waya wa zamani bila kukijua. Wiki ile ile tulinunua betri ya kuziendesha simu umeme unapokatika, tukaweka simu moja ya mkononi langoni, na sasa kila mwezi twazima umeme kwa makusudi tuone kama simu zitalia.

Basi, wanafunzi, katika habari hizi zote mtaona kwamba kila njia mpya ya sauti iliondoa taabu moja na kuleta swali moja. Waya uliondoa mwendo wa miguu, ukaacha swali la nani apate waya. Mashine ilimwondoa mtumishi wa ubao, ikaacha swali la nani aimiliki mashine. Intaneti imeondoa bei kubwa, nayo imetuachia swali la nani huiweka hai usiku wa giza. Mwenye kuuliza swali hilo kabla ya mvua huitwa mwangalifu. Mwenye kuliuliza baada ya mvua ana bahati akipata jibu kwa wakati. Wahenga walitwambia, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Hawakutukataza msala mpya, ila walitaka tujue kwanza mbacha wetu ulitufaa nini.