Target (mitambo ya kompyuta)

Target ni kampuni ya maduka ya rejareja yenye makao makuu Minneapolis, Marekani. Duka la kwanza lilifunguliwa Roseville, Minnesota, mwaka 1962. Sasa maduka yake yamezidi 1,900. Kila duka lina seva zake, ili wateja waendelee kulipa hata mawasiliano na makao makuu yakikatika. Mafundi hawawezi kuzizungukia zote, hivyo programu husambazwa kupitia mfumo wa Kubernetes: wahandisi huandika hali wanayoitaka, nao mfumo hujirekebisha hadi uifikie. Faida kubwa ni mitambo kufanana kila mahali, pengine kuliko hata kasi. Lakini mitambo haitoshi bila watu: mwaka 2013 mitambo ya ulinzi ya Target ilitoa tahadhari yenyewe, wahusika hawakuchukua hatua, na taarifa za kadi za malipo za wateja takriban milioni 40 zikaibwa.