Moshi wa Barabara ya 18: Jiko la Nyama na Mtaa wa Watu Weusi wa Kansas City

Henry Perry alifika Kansas City, katika jimbo la Missouri, mwaka 1907. Alikuwa mtu mweusi kutoka pande za Memphis, Tennessee, aliyepikia abiria kwenye meli za mvuke kabla ya kuhamia mjini. Mwaka uliofuata alianza kuuza nyama kwenye kichochoro cha katikati ya mji, wateja wake wakiwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Aliioka kwa moshi wa kuni za mwaloni na hickory, akaifunga kwenye karatasi ya gazeti na kuiuza kwa senti 25. Baadaye akaihamishia biashara mashariki mwa mji, kwenye mtaa wa watu wake, jirani na makutano ya Barabara ya 18 na Vine. Nyama choma ya Kansas City, inayosifiwa leo Marekani nzima, ilianzia kwenye shimo lake la moto. Mtu akitaka kuijua historia ya mtaa huo na aanzie jikoni, maana majengo mengi yaliyoupa jina yamekwisha kubomolewa, ilhali jiko lingali linawaka.

Haikuwa bahati nasibu kwamba jiko hilo liliota mizizi pale. Mwaka 1871 mnada mkubwa wa mifugo ulifunguliwa upande wa magharibi wa mji, pale Mto Kansas unapoingia Mto Missouri. Reli zilileta ng'ombe na nguruwe kutoka nyanda za magharibi, mnada ukakua hadi kuzidiwa na ule wa Chicago pekee. Viwanda vya nyama vikajipanga pembeni yake, na watu weusi waliokimbia dhuluma za majimbo ya kusini wakapata humo kazi nzito zenye ujira mdogo. Steki zilikwenda kwa wenye uwezo. Kidari kilibaki kwa bei ya chini, kwa kuwa ni nyama ngumu. Mwenzetu wa Nairobi au Arusha, aliyezoea mbavu za mbuzi juu ya makaa mekundu, akikichoma kidari kwa mtindo huo hatakitafuna. Kinataka moto wa mbali, moshi na saa nyingi, hadi mafuta yayeyuke na nyuzi zilegee zenyewe. Ujuzi wa kukipika ulikuwa ni ujuzi wa watu waliopewa kilichobaki, nao wakakifanya kiwe bora kuliko kilichochukuliwa.

Mtaa wenyewe ulizungushiwa mipaka na ubaguzi. Vitongoji vipya vya wazungu, hasa vile vya mjenzi J.C. Nichols, viliuzwa kwa mikataba iliyokataza nyumba kumilikiwa au kukaliwa na watu weusi. Barabara ya Troost ikawa mstari ambao kila mtu aliujua. Kwa sababu hiyo daktari, mwalimu, mchukuzi wa treni na mpiga saksafoni waliishi jirani, na fedha zao zikazunguka palepale mtaani. Februari 1920, katika jengo la YMCA la Barabara ya Paseo, Rube Foster na wenye timu wenzake waliunda Negro National League, ligi ya besiboli ya wachezaji weusi. Timu ya nyumbani, Kansas City Monarchs, ilitwaa ubingwa wa kwanza wa Negro World Series mwaka 1924, na mashabiki walikwenda uwanjani Jumapili wakiwa bado na nguo zao za kanisani.

Muziki nao ulikuwa na makao yake. Wanamuziki weusi walikuwa na chama chao, Local 627, katika jumba lililoko Barabara ya Highland. Wakati pombe ilipopigwa marufuku nchini kote, kuanzia 1920 hadi 1933, bosi wa siasa za mji, Tom Pendergast, aliiacha sheria hiyo ilale. Kumbi za muziki zikawa wazi hadi alfajiri. Wanamuziki wa jazi Count Basie, Mary Lou Williams na Lester Young walipiga humo, na kijana Charlie Parker aliwasikiliza na kujifunza. Watu wanaokesha hupatwa na njaa, na jiko la Perry halikuwa mbali.

Perry alifariki mwaka 1940. Alimwachia jiko mfanyakazi wake Charlie Bryant, na mwaka 1946 Charlie alimwachia mdogo wake Arthur, aliyekuja mjini kutoka Texas mwaka 1931 kwa matembezi, akabaki. Mwaka huohuo wa 1946, George na Arzelia Gates walinunua mgahawa wa jirani, nao walimkuta humo mpishi Arthur Pinkard, ambaye naye alikuwa ameshafanya kazi kwa Perry. Majina mawili makubwa ya nyama choma ya mji huu, Bryant na Gates, yalitoka basi kwa fundi mmoja. Mwandishi Calvin Trillin, mzaliwa wa mji huu, aliandika mwaka 1972 kwamba mgahawa wa Bryant ndio bora kuliko yote duniani. Sifa hiyo ilileta wageni kutoka kila pembe, na mwaka 2014 Rais Barack Obama alikula humo.

Lakini wakati jiko likisifiwa, mtaa ulikuwa unapungua. Pendergast alihukumiwa kwa kukwepa kodi mwaka 1939 na kumbi zikaanza kufungwa. Jackie Robinson, aliyeichezea Monarchs mwaka 1945, aliingia ligi kuu, iliyokuwa ya wazungu pekee, mwaka 1947. Ulikuwa ushindi wa haki, na papo hapo ulizinyima ligi za watu weusi nyota na mashabiki wao. Mafuriko ya 1951 yaliuvuruga mnada wa mifugo, ambao ulififia hadi kufungwa mwaka 1991. Familia zilizoruhusiwa hatimaye kukaa kwingine zilihama. Uwanja wa besiboli uliokuwa si mbali na mgahawa wa Bryant ulibomolewa mwaka 1976.

Mgahawa wa Arthur Bryant bado upo Barabara ya Brooklyn, alikouhamishia mwaka 1958. Nilipoingia, moshi ulikuwa umenipokea tangu nje. Unapanga foleni, unaagiza dirishani, na mbele ya macho yako mkataji anarundika vipande vya kidari juu ya mkate mweupe wa kawaida, vingi kuliko mkate unavyoweza kubeba. Kingo za kidari, zile sehemu nyeusi zilizoungua, zamani waliosubiri walipewa bure; leo zinauzwa na huwahi kwisha. Mchuzi ni wa rangi ya matofali, una siki na pilipili ya kusaga, na chembe zake unazihisi ulimini. Hauna utamu wa sukari wa michuzi ya chupa ya madukani. Mezani palikuwa na mafundi wenye nguo za kazi, wazee wawili waliovalia nadhifu na watalii wenye kamera, wote wakila kwa mikono.

Robert Altman alipotengeneza filamu yake iitwayo Kansas City, iliyotoka 1996, sura za maduka ya kuigiza zilijengwa mbele ya majengo matupu ya Barabara ya 18, na zilibaki hapo miaka mingi baada ya kamera kuondoka. Mwaka 1997 jengo jipya la makumbusho ya jazi na ya ligi za watu weusi lilifunguliwa karibu na hapo. Makumbusho hayo ni hazina, na kila mgeni anapaswa kuyaanzia. Akitoka huko aende Brooklyn akale, na usiku wa Ijumaa au Jumamosi aende kwenye lile jumba la Barabara ya Highland, ambako wanamuziki bado hukutana kupiga jazi kupita usiku wa manane. Mtaa huu ulidumu pale tu ambapo mtu alimfundisha mwenzake kazi na kumwachia funguo. Rangi mpya kwenye kuta haiwezi kufanya hivyo. Fedha za kuuhifadhi zianze kwa wenye moto na wenye ala, ili wamudu kodi ya pango na mshahara wa kijana anayejifunza.