Kumbukumbu ya Chetambe na Hesabu ya Mitandao ya Kijamii

Makala haya yanakusudia kujadili suala moja la mbinu: je, kumbukumbu ya kihistoria ya jamii yaweza kujulikana kwa kuhesabu maneno yaliyoandikwa katika mitandao ya kijamii wakati wa sikukuu za taifa? Mfano wetu ni wa Wabukusu wa Bungoma na Kitale. Tutaonyesha kwamba hesabu hiyo, isipotanguliwa na uchambuzi wa lugha, hupima kalenda ya serikali kuliko kumbukumbu ya watu.

Mwaka 1895 Wabukusu walipigana na jeshi lililoongozwa na C. W. Hobley kwa niaba ya Waingereza. Baada ya mapigano ya Lumboka, walijihami katika boma la Chetambe, kilimani karibu na Webuye ya leo, wakashindwa na kupoteza watu wengi. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwakusanya wafuasi wake papo hapo Chetambe kuwakumbuka waliouawa. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni iliipiga marufuku dini hiyo. Twaona basi kwamba Wabukusu walikuwa na maadhimisho ya mashujaa wao kabla Kenya haijapata uhuru.

Sasa tuitazame data. Katiba ya 2010 inataja sikukuu tatu za taifa: Madaraka, 1 Juni, Mashujaa, 20 Oktoba, na Jamhuri, 12 Desemba. Mtafiti anayekusanya maandishi ya siku hizo kwa kufuata alama za reli hukabiliwa na matatizo matatu.

La kwanza ni majina. Sherehe za Madaraka za 2024 zilifanyika Bungoma katika Uwanja wa Masinde Muliro. Anayehesabu neno “Masinde” siku hiyo atamchanganya Muliro, mwanasiasa, na Elijah, kiongozi wa dini. Vivyo hivyo Matisi ni wadi katika eneo bunge la Saboti, Kitale, na pia ni mahali katika Kaunti ya Bungoma. Msambwa nalo huandikwa pia Musambwa.

La pili ni lugha. Historia ya koo za Wabukusu husimuliwa hasa katika kumuse, hotuba ya Kibukusu itolewayo baada ya maziko ya mzee wa heshima. Hata hotuba hiyo ikirekodiwa kwa video na kusambazwa, maneno yake ni sauti, na anayetafuta maandishi tu hayapati.

La tatu ni wakati. Kumuse haina tarehe maalumu, hufuata kifo. Nayo tohara, iwapangayo wanaume katika marika manane, hufanywa Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili. Hakuna hata kimoja kinachongojea sikukuu ya taifa.

Haya hayamaanishi kwamba data ya mitandao haina faida. Tarehe 25 Juni 2025 vijana wa Kenya waliingia barabarani kuwakumbuka wenzao waliouawa katika maandamano ya tarehe kama hiyo mwaka 2024. Siku hiyo haikuwekwa na serikali, na wito wake ulienea mitandaoni. Hapo maandishi ya mtandaoni ni chanzo cha kwanza cha historia, kwa kuwa kumbukumbu yenyewe imelelewa humo. Ya Chetambe ililelewa kwingine.

Kwa kuhitimisha, mtafiti hana budi kwanza kuandaa orodha ya majina na tahajia zake zote, pili kuyasikiliza na kuyanukuu masimulizi ya sauti, na tatu kulinganisha hesabu yake na kalenda ya jamii inayohusika. Kazi hii ni ya wanaisimu kabla ya kuwa ya kompyuta. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Tukiuona uchache wa maneno mtandaoni tukaandika kwamba Wabukusu wamesahau Chetambe, usahaulifu huo utakuwa ni wetu, nao utanukuliwa kama ushahidi na watakaotufuata.