Asante ya mnunuzi wa nyumba na mpaka wake na hongo

Katika miji ya Tanzania, mtu akishalipa fedha za nyumba na kutia saini mkataba mbele ya wakili, huona kwamba safari imekwisha na wakati wa kutoa shukrani umewadia. Waliomsaidia ni wengi. Yupo dalali aliyemwonyesha nyumba, wakili aliyeandaa mkataba, mthamini, mwenyekiti wa mtaa, karani wa masijala aliyelitafuta jalada, na majirani waliothibitisha mipaka. Wachache husahau kushukuru. Kosa linalowaponza wengi ni kushukuru mapema mno, na kumpa fedha mtu ambaye hakustahili kupewa fedha.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo, nyumba iliyo kwenye kiwanja chenye hati inapouzwa, kinachohama ni haki ya kumiliki, na uhamisho huo hauna budi kusajiliwa. Kabla jalada halijafika kwa Msajili wa Hati, hupita kwenye uthamini, kodi ya ongezeko la mtaji ambayo ni mzigo wa muuzaji, na ushuru wa stempu wa asilimia 1. Siku mnunuzi anapokabidhiwa ufunguo, huenda jina lililo kwenye hati bado ni la muuzaji. Bahasha inayotolewa katika kipindi hicho humkuta mpokeaji akiwa bado na uamuzi wa kufanya juu ya jalada la mtoaji, na hapo ni vigumu kuiita asante.

Kiswahili kina maneno mengi kwa mambo haya, na kila neno lina uzito wake. Kilemba alipewa fundi au mwalimu kazi ilipokamilika, tena mbele za watu. Bakshishi ni ziada ndogo kwa aliyehudumu vizuri. Hongo, neno ambalo leo linatia aibu kulitamka, katika karne ya 19 lilikuwa ushuru ambao misafara iliwalipa watawala wa bara ili iruhusiwe kupita katika nchi zao. Ulilipwa kabla ya kupita, na asiyelipa hakupita. Takrima nayo, ambayo asili yake ni ukarimu, iliingizwa katika Sheria ya Uchaguzi mwaka 2000, na mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa ilikuwa vigumu kuitenganisha na rushwa.

Dalali ndiye wa kwanza kushukuriwa na mara nyingi ndiye anayeacha manung'uniko. Ujira wake hutokana na makubaliano. Jijini Dar es Salaam asilimia 10 hutajwa sana, lakini si amri, na kwa nyumba ya bei kubwa watu hupatana chini ya hapo. Adabu ya kwanza kwake ni kumlipa chote kilichokubaliwa, siku iliyokubaliwa, bila kumzungusha. Mnunuzi anayemkwepa dalali na kurudi kwa muuzaji kwa siri amemdhulumu, hata akimpelekea mbuzi wakati wa sikukuu. Aidha, ni vyema kuuliza mapema kama wapo madalali wengine nyuma yake, kwani aliyeleta habari na aliyeonyesha nyumba huwa watu wawili, na wote hujitokeza siku ya malipo.

Hata hivyo, kabla ya kumwongezea dalali chochote, mnunuzi ajue kama tayari kipo cha juu, yaani tofauti kati ya bei aliyoitaka muuzaji na ile iliyotajwa kwa mnunuzi. Wapo waliotoa zawadi nono kwa furaha, kisha wakaja kusikia kwa muuzaji mwenyewe kwamba dalali alikwisha kujilipa mara mbili. Njia ya kuepuka hayo ni kuwakutanisha muuzaji na mnunuzi na kuitaja bei mbele ya wote. Dalali mwaminifu hapingi jambo hilo, na zawadi anayoithamini kuliko fedha ni jina lake kupelekwa kwa mteja mwingine.

Wakili ni rahisi zaidi. Ujira wa mawakili una kanuni zake zilizotangazwa mwaka 2015, na stakabadhi yake ni haki ya mteja. Baada ya hati kutoka, barua fupi ya shukrani, doti ya kanga au paketi ya tende wakati wa Idi haimvunjii mtu heshima. Iwapo wakili huyohuyo amewahudumia muuzaji na mnunuzi, kama inavyotokea mara nyingi, zawadi ya upande mmoja isubiri hadi shughuli iishe.

Mthamini asipewe kitu zaidi ya ada yake. Taaluma yake inasimamiwa na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na thamani ya taarifa yake imo katika kutompendelea yeyote. Ofisa mikopo wa benki yuko katika hali kama hiyo, kwani Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007 haiwahusu watumishi wa umma peke yao. Inamgusa pia anayepokea kitu kwa kificho katika kazi ya mwajiri wake. Chini ya sheria hiyo mtoaji ana hatia sawa na mpokeaji.

Utata mkubwa uko serikali ya mtaa. Baadhi ya ofisi zimezoea kudai asilimia 10 ya bei kwa ajili ya mwenyekiti kushuhudia mauziano, na mnunuzi mwenye haraka hulipa akidhani ni ada au ni heshima. Hakuna kifungu cha sheria za ardhi kinachompa mwenyekiti fungu katika bei ya nyumba ya mtu. Anayedaiwa aombe namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali na stakabadhi. Dai likiendelea bila hivyo, simu ya bure ya TAKUKURU ni 113. Kukataa kwaweza kufanywa kwa upole, kwa maneno kama, "Mzee, naomba nilipe kwa stakabadhi, nisije nikakuingiza matatani."

Karani wa masijala na ofisa ardhi washukuriwe kwa maandishi. Barua iandikwe kwa mkuu wa ofisi, imtaje mtumishi kwa jina, ieleze tarehe na alichofanya, na kuombwa nakala iwekwe katika jalada lake la utumishi. Mtumishi anaweza kuionyesha barua hiyo bila kuogopa.

Majirani walioshuhudia mipaka wana hesabu yao. Nauli na soda siku ya kutia saini ni uungwana, lakini malipo makubwa huweza kugeuka silaha siku mgogoro unapofika barazani, wakili wa upande wa pili akamuuliza shahidi alilipwa kiasi gani. Heshima yao ingoje nyumba ikishaingiwa. Familia nyingi husoma dua au kufanya ibada ya shukrani, wakapika pilau na kumwalika dalali, fundi aliyelikagua paa, mwenyekiti pamoja na jirani wa kila upande. Asiyeweza kuja hupelekewa sahani yake iliyofunikwa kawa, na mpelekaji awe mwenye nyumba mwenyewe, kwa sababu huyo jirani bado hajaijua sura yake vizuri.